Moduli Inawaka lakini Haisikiki: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinahusu moduli ya sintesaiza, yaani lile boksi la sauti lisilo na vitufe vya kupiga, na namna ya kuliunganisha na programu ya kurekodi. Moduli za miaka ya 1990 zinauzwa bei nafuu sasa, sauti zake bado ni nzuri sana, na studio nyingi ndogo zimeanza kuzinunua. Swali la kwanza tumelijibu kwa urefu kwa sababu mengine yanategemea majibu yake.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina studio ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Nimenunua Roland JV-1080 iliyotumika nikaiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB ya MIDI. FL Studio inaiona kebo, moduli inawaka, lakini spika za studio ziko kimya. Tatizo ni moduli au ni mimi?

JIBU: Marahaba. Moduli yako huenda ni nzima kabisa. Kebo uliyonunua haibebi sauti hata kidogo. MIDI ni maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa iachie. Maagizo hutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye moduli. Sauti huzaliwa ndani ya moduli, na ni lazima irudi kwenye kompyuta kwa njia yake yenyewe. Wewe umejenga njia ya kwenda, ya kurudi bado.

Kwa njia ya kurudi unahitaji kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya laini, pamoja na kebo mbili za jeki kubwa ya milimita 6.35. Kebo za gitaa zinafaa ikiwa si ndefu sana. Mita 3 zinatosha. Nyuma ya JV-1080 kuna jozi tatu za matundu ya sauti. Tumia jozi ya MIX, L na R. Jozi za DIRECT hazitoi kitu mpaka uelekeze sauti huko kwa makusudi, na wengi hukwama hapo.

Kabla ya kuchomeka kebo hizo, vaa hedfoni na uzichomeke kwenye moduli yenyewe. Kipimo hiki kinagawa tatizo katikati: ukisikia sauti kwenye hedfoni huku FL ikipiga, njia ya MIDI ni nzima na tatizo liko kwenye upande wa sauti. Usiposikia, usiguse kadi ya sauti kwanza, shughulikia MIDI.

Upande wa MIDI, anza na plagi. Kebo za bei nafuu zina vichwa viwili vilivyoandikwa IN na OUT, na watengenezaji hawakukubaliana maana yake. Wengine wanamaanisha "hiki kinatoka kwenye kompyuta", wengine "hiki kichomeke kwenye tundu lenye jina hili". Jaribu cha kwanza kwenye MIDI IN ya moduli, piga noti kutoka kwenye programu, na utazame taa ya MIDI kwenye uso wa moduli. Isipomulika, badilisha kichwa. Huwezi kuunguza chochote kwa kukosea hapa, kwa sababu ndani ya MIDI IN maagizo hupokelewa kwa mwanga, kupitia kijenzi kinachozitenganisha mashine mbili kiumeme.

Sasa FL Studio. Fungua Options, kisha MIDI Settings. Kwenye orodha ya Output bonyeza jina la kebo yako na uipe namba ya Port, tuseme 5. Rudi kwenye Channel Rack, ongeza MIDI Out, uiwekee Port hiyo hiyo 5 na Channel 1. Namba hizo mbili za Port zisipolingana hakuna kitakachosikika, na programu haitakuonya. Kwenye orodha hiyo hiyo utaona pia Microsoft GS Wavetable Synth. Ukiichagua hiyo utasikia muziki na kudhani moduli imeitika, kumbe inayopiga ni Windows yenyewe, tena kwa kuchelewa sana. Kama sauti inatoka ukiwa umeizima moduli, umeangukia humo.

Likibaki kimya, tazama hali ya moduli. JV-1080 ina hali tatu: Patch (sauti moja), Performance (sauti kadhaa kwa pamoja) na GM, yaani General MIDI. Katika Patch inapokea chaneli moja tu ya MIDI, na kama chaneli hiyo si ile uliyoiweka kwenye MIDI Out, haitajibu. Katika Performance na GM inakuwa na pati 16, kila moja na chaneli yake, na ngoma ziko chaneli ya 10.

Taa ikishamulika na hedfoni zikisikika, chomeka kebo za sauti kwenye matundu ya laini ya kadi. Kama tundu lina swichi ya LINE na INST, weka LINE. INST ni ya gitaa, ina ukuzaji mkubwa, na moduli itaijaza mpaka sauti ipasuke. Pandisha sauti ya moduli karibu na mwisho ili mvumo wake wa ndani ubaki mdogo ukilinganishwa na muziki, kisha kiwango kingine chote kirekebishe kwenye kadi. Rekodi kwa biti 24, na vilele vifike karibu dB 12 chini ya sifuri. Hakuna faida yoyote ya kusukuma mpaka taa nyekundu.

Kwenye FL, nenda Audio Settings uchague draiva ya ASIO ya kadi yako; bila ASIO orodha ya kuingiza sauti inabaki tupu. Kisha kwenye mikisa chagua njia tupu, juu kulia uweke jozi ya kuingilia ya kadi, na uwashe kitufe cha kurekodi cha njia hiyo. Fahamu kuwa toleo la Fruity, lile la chini kabisa, halirekodi sauti ya nje. Unahitaji Producer au la juu yake.

Kwa anayetumia Reaper: Options, Preferences, MIDI Devices, washa kebo kwenye sehemu ya kutoa, kisha kwenye kitufe cha Route cha traki chagua MIDI Hardware Output na chaneli. Fungua traki ya pili kwa ajili ya kurekodi sauti inayorudi. Maagizo na sauti viwe na traki tofauti, utafurahi baadaye unapotaka kurekebisha noti moja na kurekodi upya.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya, Iringa mjini. Tunapanga wimbo wote kwenye kompyuta: piano, besi, nyuzi, vinanda vya upepo na ngoma, vyote vikipigwa na moduli moja kwa wakati mmoja. Sehemu nene noti zinakatika, na gumzo (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) la kwanza la kibwagizo linasikika kama limeyumba. Je, ninunue moduli ya pili?

JIBU: Usinunue bado, Mwalimu. Hayo ni matatizo mawili tofauti na yote yana dawa isiyo na gharama.

Noti zinakatika kwa sababu nafasi za sauti zimekwisha. Hukutaja moduli yako, basi tuchukue JV-1080 kama mfano kwa kuwa ndiyo tunayoulizwa zaidi. Ina nafasi 64. Hizo zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba sauti moja inaweza kujengwa kwa toni mpaka 4, na kila toni inachukua nafasi yake kwa kila noti. Nyuzi nene za toni 4 zinakuachia noti 16 tu, na hapo piano haijaanza. Mpiga piano akikanyaga pedali, kila noti anayoiachia inaendelea kukalia nafasi mpaka ififie. Moduli ikijaa inazima noti ya zamani ili kutoa nafasi kwa mpya. Moduli za zamani zaidi zina nafasi chache kuliko hizo. Kiwango cha General MIDI cha mwaka 1991 kilidai 24 tu. Kwenye Performance kuna Voice Reserve inayokuruhusu kuzihifadhia pati muhimu nafasi kadhaa, na inasaidia kwa kiasi.

Kuyumba kwa gumzo kunatokana na waya wenyewe. MIDI ilizinduliwa mwaka 1983 ikiwa na kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, na waya wa pini 5 haujabadilika tangu hapo. Agizo la kupiga noti moja lina baiti 3, na linachukua karibu milisekunde 1 kupita. Maagizo hupita moja baada ya jingine, hayaendi sambamba. Kibwagizo kikianza na noti 20 kwa pamoja, ya mwisho inafika kama milisekunde 20 baada ya ya kwanza, isipokuwa pale kompyuta inapofupisha maagizo. Mtu anasikia ngoma ikichelewa nyuma ya besi kwa kiasi hicho. Mambo huwa mabaya zaidi kama traki ya nyuzi ina mikunjo mingi ya sauti, kwa sababu kila mkunjo ni maagizo mengine mengi yanayogombea waya huo huo. Futa mikunjo isiyo na kazi.

Dawa ya yote mawili ni kurekodi pati moja moja. Zima zote, acha ngoma peke yake, rekodi. Kisha besi peke yake, kisha piano. Kila pati inapata nafasi zote 64 na waya mzima. Tunapenda njia hii kwa sababu ya tatu pia: JV-1080 ina kipande kimoja tu cha EFX, yaani madoido ya sauti, na katika Performance pati zote 16 zinagawana hicho kimoja. Ndiyo maana ogani iliyokupendeza kwenye Patch inakuwa kavu ukiiweka kwenye Performance. Ukiirekodi peke yake kwenye hali ya Patch, inarudi na EFX yake kamili. Mwangwi wa moduli uzime wakati wa kurekodi, uweke mmoja kwenye programu kwa ajili ya vyombo na waimbaji kwa pamoja. Kwaya iliyorekodiwa ukumbini haikai vizuri na ogani yenye mwangwi wa chumba kingine.

Baada ya kurekodi utaona sauti imekaa nyuma kidogo ya mistari ya mapigo. Hilo ni la kawaida, linapimika. Weka mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, andika noti 37 kwenye chaneli ya 10 kila pigo (katika General MIDI hiyo ni mlio mkavu wa kijiti pembeni mwa ngoma), rekodi, kisha kuza picha mpaka uone mwanzo wa mlio na mstari wa pigo. Pima pengo kwa sampuli. Kwa kasi ya 44,100, sampuli 441 ni milisekunde 10. Pima mapigo manne au matano uchukue wastani, kwani MIDI haiko sawasawa kila mara, kisha sogeza kila traki ya moduli kushoto, yaani ianze mapema zaidi, kwa kiasi hicho. Ukibadilisha draiva au ukubwa wa bafa (akiba ya sampuli ambazo kompyuta huzikusanya kabla ya kuzishughulikia), pima upya.

SWALI: Nikipiga kinanda kupitia kompyuta, sauti ya moduli inatoka kama inapita ndani ya bomba, na noti zinajirudia. Niko Tukuyu.

JIBU: Unasikia kitu kimoja mara mbili, kwa tofauti ya milisekunde chache. Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni usikilizaji: kadi inakupa sauti moja kwa moja, na programu nayo inakurudishia ile ile ikiwa imechelewa. Zima moja. Tunashauri ubaki na ile ya kadi, kwa sababu haipiti kwenye bafa: bafa ya sampuli 512 peke yake inachelewesha milisekunde 11.6 kuingia, na kutoka kuna nyingine.

Sababu ya pili ni noti zenyewe. Kama kinanda chako kina sauti zake, au kimeunganishwa na moduli kwa waya wake wa MIDI huku programu nayo ikipeleka noti zile zile, kila noti inapigwa mara mbili. Weka Local Off kwenye kinanda, yaani vitufe vyake visipige sauti zake chenyewe, na hakikisha moduli inapokea maagizo kutoka sehemu moja tu.

SWALI: Natumia Yamaha ya mfululizo wa MU. Nimefuata kila hatua, waya wa MIDI ni mzima kwenye kinanda kingine, lakini moduli haipokei kitu. Msomaji wa Makambako.

JIBU: Tazama swichi ndogo iliyoandikwa HOST SELECT. Ina nafasi za MIDI, PC-1, PC-2 na Mac. Nafasi tatu za mwisho ni za tundu la TO HOST la kompyuta za zamani. Swichi ikiwa huko, moduli haisikilizi matundu ya pini 5. Iweke MIDI, zima moduli, washa tena. Roland Sound Canvas SC-88 nayo ina swichi ya namna hiyo.

SWALI: Mafinga. Moduli ikiwa peke yake na hedfoni iko safi. Nikiunganisha na kompyuta unaingia mvumo wa chini usiokoma. Fundi mmoja amenishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi ya kompyuta. Nikate?

JIBU: Hapana, usikate. Pini hiyo ndiyo inayokulinda siku nyaya za moto zikigusa bodi ya chuma. Mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma ndiye atakayeumia.

Mvumo wako ni wa mzunguko wa ethi. Kompyuta, kadi na moduli zimeungana kwenye ethi mara mbili: mara moja kupitia soketi za ukutani, mara ya pili kupitia ngozi ya waya wa sauti, yaani wavu wa chuma unaozizunguka nyaya za ndani. Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde, na mkondo mdogo unaozunguka humo ndio unaosikika. Waya wa MIDI wa pini 5 hauhusiki, kwa sababu pini 2 yenye ngozi haifungwi upande wa MIDI IN, na maagizo yanapita kwa mwanga. Lakini moduli mpya zinazounganishwa kwa USB hazina kinga hiyo: waya wa USB unaunganisha ethi moja kwa moja.

Ichunguze hivi. Kama kompyuta ni ya mapajani, ichomoe chaji. Mvumo ukikoma, chanzo ni chaji. Unaweza kurekodi kwa betri na suala likaisha. Usipokoma, chomeka vifaa vyote vya studio kwenye soketi moja ya ukutani kupitia ekstensheni moja ya soketi, uone. Hatua ya tatu ni DI (kiboksi cha kupitishia sauti ya chombo) yenye transfoma ndani kati ya moduli na kadi, mbili kwa stirio, na swichi ya kuachanisha ethi iwashwe. Hiyo inaachanisha ethi ya waya wa sauti tu, ya umeme inabaki salama.

Kuna njia ya bei ndogo kwa anayeweza kuchomelea. Nunua waya wa maikrofoni wenye nyaya mbili ndani na ngozi. Upande wa moduli weka jeki ya mono: waya wa kwanza kwenye ncha, wa pili kwenye shina, na ngozi usiifunge popote, ikate na kuifunika kwa tepu. Upande wa kadi weka jeki ya stirio: waya wa kwanza kwenye ncha, wa pili kwenye pete, ngozi kwenye shina. Tundu la kadi lazima liwe la laini lenye balansi, yaani linalosoma tofauti kati ya ncha na pete, vinginevyo hakuna utakachopata. Pima kwa multimita kabla ya kuchomeka: ncha kwa ncha iite, shina la moduli na pete ya kadi ziite, na shina la moduli na shina la kadi zisiite.

SWALI: Nikiandika kwenye kompyuta sauti namba 49 inakuja namba 50. Na nikibadilisha benki hakuna kinachobadilika. Uyole, Mbeya.

JIBU: Programu nyingine zinahesabu kuanzia 0 hadi 127, nyingine 1 hadi 128. Ikizidi kwa moja, punguza moja, na uandike kwenye karatasi ukutani ili msaidizi wako naye ajue. Kuhusu benki, agizo la benki halifanyi kazi mpaka lifuatwe na agizo la namba ya sauti. Mpangilio ni CC 0 (CC ni maagizo ya MIDI ya kurekebisha), kisha CC 32, kisha namba ya sauti, vikiachana kidogo. Kwenye JV-1080 benki ya Preset A ni CC 0 yenye thamani 81 na CC 32 yenye 0. Preset B ni 81 na 1. Preset C ni 81 na 2. Benki ya User ni 80 na 0. Weka maagizo haya mwanzoni mwa wimbo, baa moja kabla ya noti ya kwanza, ili moduli ipate muda wa kujipanga.

SWALI: Nipo Tunduma. Nimeletewa moduli iliyotoka Japani, nyuma imeandikwa 100V. Pia inapowaka inaonyesha ujumbe wa betri. Naweza kuichomeka tu kwa sababu stabilaiza yangu ni nzuri?

JIBU: Stabilaiza inatuliza volti 230, haizishushi kuwa 100. Ukiichomeka hivyo utaunguza fyuzi ukiwa na bahati, na transfoma ya ndani usipokuwa nayo. Tafuta transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 100, yenye wati angalau mara mbili ya zile zilizoandikwa nyuma ya moduli. Zile zilizoandikwa 110 tunakushauri uziache. Zitakipa kifaa cha 100 asilimia 10 ya ziada muda wote, na joto litafupisha maisha yake. Mawimbi 50 si tatizo kwa vifaa vya Japani, kwa kuwa upande wa mashariki wa nchi hiyo unatumia 50 pia. Fyuzi ikiungua, irudishie ya ampea zile zile. Ukiweka kubwa zaidi, mara nyingine kitakachoungua si fyuzi.

Wenye moduli ndogo za adapta nao wasome alama ya plasi na minasi. Adapta za Roland za volti 9 zina minasi katikati, wakati nyingi zinazouzwa dukani zina plasi katikati.

Betri ya ndani mara nyingi ni CR2032 ya volti 3. Inalinda sauti ulizozihifadhi wewe. Za kiwandani ziko kwenye kumbukumbu ya kudumu. Ukiitoa, zako zinafutika. Kwa hiyo, kabla ya kufungua boksi, unganisha MIDI OUT ya moduli na kompyuta, fungua programu ya MIDI-OX kwenye Windows au SysEx Librarian kwenye Mac, iweke ipokee, kisha kwenye moduli chagua Bulk Dump, yaani kutuma kumbukumbu yake nje. Hapa kebo za bei ya chini kabisa hufeli: zinapitisha noti bila shida lakini zinameza sehemu ya faili ndefu. Pokea mara mbili ulinganishe ukubwa wa mafaili. Yasipolingana kwa baiti, azima kebo bora. Baadhi ya moduli zina kishikio cha betri, nyingine betri imechomelewa kwenye bodi, na hapo mpe fundi wa elektroniki aweke kishikio.

SWALI: Njombe, mwezi wa saba. Sintesaiza yangu ya analogi ninayoipiga kwa MIDI inapanda na kushuka tyuni asubuhi, mchana inatulia.

JIBU: Ni baridi. Saketi za analogi zinabadilika kwa joto. Iwashe dakika 30 kabla ya kazi, ndipo uitie tyuni, na usifungue dirisha karibu nayo. Ukiitoa kwenye gari lenye baridi na kuiingiza kwenye ukumbi wenye joto, usiiwashe kabla ya saa moja kupita, kwani umande unajikusanya kwenye bodi. Moduli za kidijitali hazina tatizo la tyuni, la umande wanalo.

SWALI: Tunarekodi ligombo la mzee wetu kijijini Iringa, tukiliunga na nyuzi za moduli ya Sound Canvas. Ligombo halikubaliani na moduli. Mzee hataki kukaza nyuzi zake upya, anasema sauti yake ndiyo hiyo.

JIBU: Mzee yuko sahihi, moduli ndiyo ifuate. Ina uwezo huo, ila hautumiwi sana.

Rekodi kila waya wa ligombo peke yake, upime kwa tyuna inayoonyesha senti, yaani sehemu 100 za nusu toni. Tuseme umepata C iko chini kwa senti 30, D kwa 20, G kwa 25. Wastani ni 25 chini. Hiyo iweke kwenye Master Tune ya moduli: kutoka 440 shuka mpaka 433.7. Sasa G imekaa sawa, C inahitaji kushuka senti 5 zaidi, D inahitaji kupanda 5.

Mabaki hayo yanashughulikiwa na Scale Tuning, iliyomo kwenye moduli zenye alama ya GS, kiwango cha Roland. Inakubali kutoka senti 64 chini hadi 63 juu kwa kila moja ya noti 12, na inatumwa kwa SysEx, yaani maagizo maalumu ya MIDI ya mtengenezaji. Thamani 40 kwa hesabu za heksa (zinazohesabu kwa 16 badala ya 10) ni sifuri. Kwa mfano wetu, agizo la pati ya 1 ni hili:

F0 41 10 42 12 40 11 40 3B 40 45 40 40 40 40 40 40 40 40 40 6F F7

Namba 12 zinazoanzia 3B ni noti kutoka C mpaka B. 3B ni senti 5 chini, 45 ni senti 5 juu. 6F ni namba ya ukaguzi: geuza heksa kuwa namba za kawaida, jumlisha kila kitu kuanzia 40 11 40 mpaka noti ya mwisho, gawanya kwa 128, kinachobaki kitoe kwenye 128, na jibu ligeuze kuwa heksa. Ikikosewa, moduli inalikataa agizo lote. Ukitaka nyuzi za pati ya 2 zifuate tyuni hiyo hiyo, badilisha 11 iwe 12, na namba ya ukaguzi iwe 6E. Weka agizo hilo mwanzoni mwa traki ya MIDI, kwa sababu moduli ikizimwa inasahau.